Mzigo Wote ni Wangu

Guangzhou, 9 Septemba 1998

Mwanangu Hafidha,

Salamu nyingi kutoka huku mbali, nikitumaini zitakukuta mzima pamoja na mumeo na watoto. Mimi sijambo, ila macho yananisumbua, na unyevu wa mji huu hauyasaidii. Nguo zikianikwa asubuhi, jioni huingizwa ndani na maji yaleyale. Mkwe wangu Swalha hajambo. Anasema kitenge ulichomwagiza amekipata soko la Zhongda, lakini kahawia yake imekolea kuliko ile uliyoitaka. Tunakaa karibu na stesheni ya treni, upande wa Liuhua, juu ya maduka ya viatu. Wauza viatu wa chini huniamkia kwa lugha yao kila nikishuka, nami huinamisha kichwa. Mpaka sasa hatujagombana.

Mwanangu Tahir ana shughuli nyingi, ndiyo maana naandika mimi na si yeye. Mkumbushe mama yako mdogo Chausiku anywe dawa zake za presha, na umwambie asikae kungoja simu ya mwanawe kila Ijumaa. Simu za huku ni za shida.

Nimefurahi kusikia umethibitishwa kuwa hakimu wa wilaya hapo Korogwe. Kiti cha namna hiyo nilikikalia mpaka nilipostaafu, na mbao zake nazijua kwa mgongo. Nina swali moja, usilione la kizee. Mtu akisimama kizimbani kwako kwa kosa kubwa, si la watu kutukanana sokoni, karani akamsomea shitaka, naye akasema "ni kweli", wewe unafanya nini baada ya hapo? Nieleze kwa kituo, kama unayemweleza asiyejua.

Ami yako,
Haroun


Korogwe, 2 Oktoba 1998

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, na mwanangu mdogo ameing'oa stempu kabla sijaifungua, kwa hiyo kona moja ya salamu zako imepotea. Sote wazima. Mvua za vuli bado, na vumbi la mashamba ya mkonge linaingia hadi ndani ya majalada.

Mama mdogo nilimwona Jumamosi nilipokwenda Tanga. Dawa anakunywa. Lakini Ijumaa bado anakaa kwa jirani mwenye simu, na kanga yake nzuri amevaa. Anasema tangu Tahir aende huko hawajawahi kukaa muda mrefu hivi bila kusikiana. Nikamwambia simu za huko ni za shida, kama ulivyoandika. 

Swali lako limenichekesha. Unanipa mtihani, Ami? Haya. Akisema ni kweli, naandika kwamba amekiri. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi. Namuuliza mshtakiwa kama maelezo hayo ni sahihi, akikubali namtia hatiani, kisha nafikiria adhabu. Wiki iliyopita nimefanya hivyohivyo. Kuna fundi cherehani anaitwa Heriel, kijana wa Kipare, ameshtakiwa kuvunja duka la ushonaji na kuiba cherehani. Alikiri papo hapo. Mashahidi waliokuwa wamekaa nje wakarudi kwao kabla ya adhuhuri, na mkuu wangu akanisifu, "Ukienda hivi, mama, makabati yatabaki matupu."

Mwenye duka analia kwamba uvunjaji umezidi hapa mjini, na adhabu ninayoruhusiwa kutoa ni ndogo. Kwa hiyo nafikiria kulipeleka jalada Mahakama Kuu, jaji ndiye aamue kifungo. Nimeahirisha hadi tarehe 7 Desemba, na Heriel yuko mahabusu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupokea kukiri kwake tu. Uzito wa adhabu ataubeba mwingine.

Mwambie Tahir aniandikie hata mistari miwili. Mbona humtaji sana?

Binti yako,
Hafidha


Guangzhou, 27 Oktoba 1998

Mwanangu Hafidha,

Nakusalimu na kukuombea afya. Mji umejaa wageni wa maonyesho ya biashara, hoteli zote zimefurika, na Swalha anatoka mapema kuwapeleka wateja kutazama nguo. Amekonda kidogo. Macho yangu ni yaleyale.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Umejibu vizuri, kama mwanafunzi aliyesoma. Lakini umesema kazi yako ilikuwa kupokea kukiri "tu", na hilo "tu" limeninyima raha. Nivumilie nieleze.

Jaji utakayempelekea jalada hatamwona Heriel akisema "ni kweli". Atamwona akiwa ameshatiwa hatiani, atasoma ulichoandika, na karatasi haisiti, haitazami chini, haimezi mate. Wewe ndiye mtu wa mwisho kuuona uso wake katika dakika ile. Watu hudhani hakimu anayepokea kukiri ana kazi nyepesi kuliko anayesikiliza mashahidi wanane. Ni kinyume. Kwenye mashahidi wanane, ukikosea, mwenye kukata rufaa ana pa kushika. Aliyekiri mwenyewe mlango wa rufaa karibu wote umefungwa. Anaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu, hatia yenyewe ni shida kuigusa tena. Kwa hiyo unapoandika kwamba amekiri, ndipo unapoandika hukumu.

Jambo jingine. Kosa kama la Heriel lina viungo vyake. Lazima awe amevunja. Lazima kitu kiwe cha mtu mwingine. Lazima awe amekusudia kuiba. Mtu anaweza kukubali kiungo kimoja, nawe ukamwandikia amekubali mwili mzima. Tena watu wetu wana tabia hii, wewe unaijua: ukimgombeza mtu nyumbani huanza kwa "ni kweli, dada", kisha ndipo anaeleza. Kwake yeye "ni kweli" ni kubisha hodi. Mahakamani tunamkatiza palepale mlangoni. Naye anaongea Kiswahili, wewe unaandika Kiingereza, na neno la kisheria unaloliweka pale ni zito kuliko lile alilolitamka.

Basi niambie: Heriel alisema maneno gani hasa? Maneno yake mwenyewe, si yako. Kama hukuyaandika, au kama yana mashaka, adhabu haijatolewa. Bado unaweza kumuuliza tena, na ukiona hakukiri, andika kwamba anakataa shitaka na kesi isikilizwe. Hakuna aibu ndani yake. Ila usilipeleke jalada kabla hujamuuliza.

Swalha amepita nyuma yangu sasa hivi. "Baba, kurasa zote hizo za nini?" Nikamwambia namfundisha Hafidha kazi. "Laiti huku wangekuwa na Hafidha," akasema, akaingia jikoni.

Tahir anakusalimu.

Ami yako,
Haroun


Korogwe, 20 Novemba 1998

Ami,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Mvua imeanza. Mama mdogo hajambo, na hajui kwamba naandika barua hii.

Othman, yule anayeleta vitenge, amerudi kutoka huko. Nilimkuta dukani kwake Tanga nikamuuliza habari za Tahir. Akaanza kupanga upya majora ambayo yalikuwa yameshapangwa. Nikamwambia, "Othman, mimi ni hakimu, watu wanaopanga majora nawaona kila siku." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kwani mzee hajawaambia, dada? Jamaa yuko ndani tangu Julai. Kontena lilikamatwa." Nikamuuliza kwa kosa gani. Akasema ana mteja, na dukani tulikuwa sisi wawili.

Julai, Ami. Barua zako zote mbili ni za baada ya Julai, na moja inasema Tahir ananisalimu.

Sasa swali lako nimelielewa.

Kuhusu Heriel, nimelifungua jalada. Nimeandika kwa Kiingereza kwamba anakiri, basi. Nakumbuka alisema, "Ni kweli niliingia," akawa anaendelea, nami nikamwambia inatosha. Nimejaribu sana kukumbuka alichokuwa anaendelea kukisema. Siwezi, kwa sababu sikukisikia. Mkuu wangu anasema nisirudi nyuma, hakimu anayemfungulia mtu mlango alioufunga mwenyewe atasumbuliwa na kila mahabusu wa wilaya. Sijaamua.

Niambie Tahir amefanya nini.

Hafidha


Guangzhou, 13 Desemba 1998

Mwanangu,

Barua yako imenifikia juzi, na siku ya Heriel imeshapita. Sijui uliamuaje, na sikuulizi. Baridi imeingia. Swalha amenishonea koti kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Sikukuambia kwa sababu ungelazimika kumficha mama yako mdogo, nami nilitaka mwongo awe mmoja katika familia. Sikuja huku kupumzika. Nilikuja kwa sababu Swalha alinipigia simu akilia.

Nikueleze utaratibu wa kazi yao, vinginevyo hutaelewa. Wafanyabiashara wetu hapa, ni wachache wanaoweza kujaza kontena peke yao. Huchangia: huyu majora, yule viatu, mwingine mikoba ya ngozi kutoka mji wa Shiling. Lakini hati za bandarini zinataka jina moja. Basi mmoja huandikwa kwa niaba ya wenzake, na karani akiuliza mzigo ni wa nani, hujibu, "Wote wangu," ili kontena lipite upesi. Kwao huo ni uungwana. Kila mtu amewahi kuusema kwa ajili ya mwenzake, na safari inayofuata mwenzake huusema kwa ajili yake.

Mwezi wa Julai zamu ilikuwa ya Tahir. Ndani ya bitana za mikoba zikakutwa noti bandia za dola. Tahir alikuwa na vitenge tu; Swalha alivifunga kwa mikono yake. Polisi walipomuuliza mzigo ni wa nani, akajibu vile alivyozoea kujibu. Wakaandika. Wenye mikoba hawajaonekana tena, na watu waliokuwa wakila kwenye sahani moja naye sasa wakimwona Swalha huvuka barabara.

Sikuruhusiwa kumwona. Kila ofisi tuliyokwenda tuliambiwa "meiyou", ambalo ni neno la sokoni la kusema hakuna. Swalha akaniambia, "Baba, hao wakishasema meiyou, hata ukizimia hapa watakuruka." Nikacheka, Mungu anisamehe, nikiwa mlangoni mwa polisi.

Nilimwona siku ya kesi, wiki hii. Nilikaa safu ya nyuma, mbele majaji watatu, na mkalimani mwenye subira. Wakili alikuwa amenieleza kwamba huku kukiri peke yake hakumalizi kesi kama kwetu, wanatazama na ushahidi. Lakini ushahidi ulikuwa kontena lenye jina lake, na kauli yake ya Julai. Jaji akamuuliza kama yaliyosomwa ni kweli. Tahir akajibu kwa Kiingereza chake cha sokoni: ni kweli, mzigo wote wangu. Kisha akavuta pumzi.

Hafidha, mimi namjua mwanangu. Tangu mdogo, akivuta pumzi namna ile ndipo anaanza kueleza.

Jaji akafunua ukurasa mwingine. Simlaumu, aliuliza, akajibiwa. Nikanyoosha mkono juu kama mtoto wa shule. Askari akaniashiria niushushe, tena kwa upole. Nikaushusha. Tahir hakugeuka, na ile pumzi aliishusha bila neno.

Hukumu bado. Mama yako mdogo mwambie wewe. Mimi nimeshindwa kumwandikia. Nimeanza mara nyingi.

Ami yako,
Haroun


Korogwe, 6 Januari 1999

Ami yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwako na Swalha. Najua mnafuturu wawili tu. Sisi wazima.

Tarehe 7 Desemba barua yako ya mwisho haikuwa imefika. Nilikuwa na ile ya Oktoba, nimeikunja ndani ya daftari langu. Heriel akaletwa. Nikamwambia, "Siku ile ulisema ni kweli uliingia. Ulikuwa unaendelea, nikakukatiza. Endelea."

Akamtazama mwendesha mashtaka, akanitazama mimi. "Nikinyamaza si ndiyo yanakwisha upesi, mheshimiwa?"

"Nani kakuambia?"

"Wenzangu kule ndani. Wanasema ukikubali unapigwa faini, unakwenda zako."

"Cherehani ilikuwa ya nani?"

"Yangu! Aliniachia marehemu mama. Tulipogombana na tajiri wangu, akatia duka kufuli cherehani ikiwa ndani. Nikaja Jumapili nikavunja kufuli, nikabeba changu. Kufuli nakubali, mheshimiwa. Kufuli nitalipa."

Watu wakacheka. Mwenye duka akasimama, "Mwongo huyo! Mamake alikuwa na cherehani wapi, mamake alikuwa anauza maandazi!" Nikamwambia akae, zamu yake ya kuapa itafika. Nikaandika maneno ya Heriel kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza changu, hadi lile la kufuli. Nikaandika kwamba anakataa shitaka. Mimi nimejitoa, atasikilizwa na hakimu mwingine mwezi wa Aprili.

Usidhani ilikuwa siku ya furaha. Hana mdhamini, kwa hiyo alirudi mahabusu palepale, na kama angepewa kifungo kifupi huenda angetoka mapema kuliko atakavyokaa akingoja. Alipokuwa anashuka kizimbani akaniuliza, "Mheshimiwa, sasa nimepona au nimeumia?" Nikamwambia karani alete jalada linalofuata. Na sijui kama anasema kweli. Najua tu kwamba hakukiri. Mkuu wangu ananisalimu kwa kichwa siku hizi.

Mama mdogo nimemwambia. Nilijiandaa njia nzima, nilipofika nikayasema yote kwa mkupuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Ana blanketi?" Nikasema sijui. Akaingia ndani kuandaa futari. Ijumaa iliyofuata hakwenda kwa jirani.

Tafadhali, Ami, niambie kama ana blanketi.

Binti yako,
Hafidha


Guangzhou, 25 Februari 1999

Mwanangu Hafidha,

Naanza na la mama yako mdogo, salamu zitafuata. Analo blanketi, la kijivu, zito. Nimemuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu, na amesema linatosha.

Sisi wazima. Mwaka wao mpya umepita, milango yote ina karatasi nyekundu, na wauza viatu wamerudi kutoka makwao na vikapu vya machungwa. Mmoja ameniletea matatu.

Hukumu ilitoka siku ya pili ya Idi. Miaka kumi na miwili. Wakili alitaka kukata rufaa, Tahir akakataa. Alisema amechoka kuulizwa. Baada ya hapo ndipo tuliporuhusiwa kumwona, juzi, kioo katikati na simu kila upande. Swalha aliongea kwanza. Sikusikia walichosema, nilitazama ukuta. Kisha akanipa simu.

"Shikamoo, Baba. Umekonda."

"Marahaba. Na wewe?"

"Chakula chao hakina nazi." Akajaribu kutabasamu. "Hilo koti nani kakushonea, adui yako?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema habari za mikoba, hata siku ya kesi, wakati wenye mikoba walishamtupa.

"Si nilikuwa nakusikia mezani, Baba? Mtu anayekiri mapema hakuisumbua mahakama, hupunguziwa. Nikasema nikubali kwanza wanihurumie, halafu nieleze. Kila nikitaka kueleza, wameshahamia swali jingine."

"Hilo ni la kwetu," nikamwambia, "na hata kwetu lina masharti yake."

"Masharti sikuyasikia. Nadhani nilikuwa namalizia wali."

Alisema kwa mzaha, Hafidha, na mimi nikacheka kwa sababu alitaka nicheke.

Sitarudi nyumbani kwa sasa. Swalha hawezi kubaki peke yake, na jamaa huruhusiwa kumwona mara moja kwa mwezi. Mimi nina miaka sitini na tisa. Hesabu ipige wewe. Mimi nimekataa kuipiga. Mkae karibu na Chausiku. Mwambie nitamwandikia, na safari hii nitaimaliza barua.

Kilichobaki ni hiki. Dakika mle ndani zikawa zinapita, basi nikamsimulia habari za Heriel. Nilimweleza duka, cherehani ya marehemu mama, Jumapili, na jinsi ulivyomwambia endelea. Nilipofika kwenye kufuli alicheka hadi akagusa kioo kwa paji la uso. "Kufuli nitalipa," akarudia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo aliulizwa tena?"

"Aliulizwa tena."

Askari akatuashiria kwamba muda umekwisha. Nikamuuliza haraka mwezi ujao nimletee nini. Sabuni, soksi, picha ya mama yake?

Kwa hiyo kesi ya Aprili ikimalizika, awe ameachiwa au amefungwa, iandike siku hiyohiyo na uipeleke posta kwa mkono wako. Usinichagulie maneno. Tahir aliniomba nimletee hukumu ya Heriel, hakuomba kitu kingine.

Ami yako,
Haroun